Bakuli la Bibi Lililosuguliwa

Bakuli la bibi yangu lilikuwa la kioo kilichovikwa utando mwembamba wa rangi ya chungwa, lenye vichala vya zabibu vilivyochomoza ubavuni. Ukiligeuza kidogo linaleta zambarau, ukiligeuza tena linaleta kijani, mithili ya mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Babu alilinunua kabla sijazaliwa kwa mwenye duka aliyekuwa anafunga virago, na ndicho kitu pekee cha babu kilichobaki nyumbani kwetu Rahaleo.

Miaka ya tisini bibi alipata mtoto wa jicho, lakini kwa vioo hakuna aliyeweza kumdanganya. Nikimletea bakuli jipya la kumetameta kutoka sokoni Chikongola, anapapasa mshono wake, anapitisha ukucha kwenye kitako. "Hili limepakwa rangi juzi," anasema, na kunirudishia. Lake alilikosha mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na kipande cha kanga kuukuu. Limau lisilisogelee, uji wa moto usimiminwe humo, na mchanga na majivu ndiyo kabisa!

"Nchanga ni wa masufuria, ntoto wewe!"

Kisha analinyanyua dirishani na kuniuliza rangi, nami namtajia moja moja. Nilimwonea fahari sana, ingawa alikuwa mkali kama pilipili.

Jirani yetu alipoozesha binti yake, alikuja kuazima vyombo, kama ilivyo kawaida yetu. Kila mtu hupaka rangi ya kucha chini ya chombo chake kisije kikapotea. Bibi akatoa na bakuli, la kuwekea kalimati za bwana harusi. Nilishangaa, maana hata mimi sikuruhusiwa kulikosha.

"Huyu ndiye aliyenishika mkono babu yako alipokufa," akaniambia.

Shughuli ilipokwisha, jirani alilirudisha mwenyewe, uso umejaa furaha.

"Shikamoo bibi. Bakuli lako lilikuwa limeganda mafuta ya rangi rangi, hayatoki kwa sabuni. Tumelisugua kwa nchanga na majivu mpaka mikono ikatuuma! Upande mmoja umetakata, huu mwingine bado."

Nilitamani kumrukia yule mama. Ubavu mzima ulikuwa mweupe kama chupa ya soda. Bibi alilinyanyua dirishani.

"Rangi?"

Nikaligeuza haraka nione upande uliosalimika, nikataja: chungwa, zambarau, kijani.

Vidole vyake vikatembea taratibu kwenye zabibu, vikafika pale palipokwaruzwa, vikasimama. Nikajua mvua ya matusi inakuja.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia jirani. "Mmejichosha sana. Huo upande mwingine niachieni, nitamalizia mwenyewe."

Aliendelea kulikosha kwa kipande chake cha kanga hadi alipofariki, na kila mara aliniuliza rangi. Jirani akiwa ameketi nasi, bibi alilishika kwa mikono miwili, kiganja kimoja kimefunika pale palipokwaruzwa.