Binti Mfalme Aliyepauka

Pale studio walimwita Brashi, ingawa brashi yenyewe hakuishika tangu amalize chuo. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi katuni kwenye kompyuta, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yanawasha. Kwa miaka tisa alikuwa amewapaka mabinti wa kifalme watano, wote weupe pee.

Wa sita ndiye aliyeletwa mweusi. Bosi alimkabidhi mchoro akamwambia, "Rangi ya ngozi tafuta mwenyewe."

Brashi hakwenda mbali. Jumamosi alikuja na bintiye wa miaka saba, akamketisha kando yake na kumwambia aweke mkono karibu na skrini, asitikisike. Alichanganya rangi asubuhi nzima mpaka mkono na picha vikafanana.

"Mama, huyu ni mimi kabisa."

"Ndiye wewe," mama akajibu, na alimaanisha.

Miezi mitatu alifanya kazi roho yake ikiwa kwatu. Kisha wanunuzi wa filamu wakaleta neno.

"Wanasema kwenye giza haonekani," bosi alisema. "Mng'arishe kidogo."

Akamng'arisha. Wiki mbili baadaye, kidogo tena. Mara ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Bosi, si tuongeze taa kwenye picha, tumwache mtoto wa watu na ngozi yake?"

"Dada yangu, mimi mwenyewe natumwa. Usipofanya wewe atafanya mwingine, na filamu itatoka vilevile."

Akafanya. Mkono wake mwenyewe ndio uliobonyeza, siku kumi na moja mfululizo, mpaka binti yule akabaki na rangi ya boksi lililopigwa na jua.

Filamu ilipotoka alimpeleka mwanawe kuitazama. Mtoto aliitazama mpaka mwisho. Walipokuwa wakishuka ngazi akauliza, "Yule wangu anatoka lini?"

Brashi angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Ni huyo huyo. Nilimbadilisha mimi."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa."

Njia nzima mtoto alitembea mbele peke yake, na alipoitwa ashikwe mkono kuvuka barabara, alijifanya hasikii.

Jumatatu bosi alikuja na mchoro mpya: kikongwe mchawi, pua ndefu, kucha kama misumari. "Huyu wanunuzi hawana neno naye," alisema akitabasamu. "Mpake mweusi utakavyo."

Brashi aliutazama ule mchoro, akaurudisha mezani taratibu. Siku ileile aliomba kuhamia chumba cha nyuma, kwa wapaka mandhari. Bosi alidhani amechoka, akamkubalia. Tangu hapo anapaka mawe, kuta na maji. Nyuso hagusi.

Filamu ile iliuzwa sana, na kila likizo huonyeshwa kwenye televisheni. Ikianza tu, binti yake hubadilisha chaneli, na mama mtu hamuulizi kitu.