Alama Mbili za Kaswera

"Mama mudogo, juu ya nini ulijipatia alama mbili, na weye unajua kupika kupita bote?"

Jemima aliuliza hivyo akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kaswera, mdogo wa mama yake, aliendelea kuchochea maharagi yaliyokuwa yameshaiva zamani.  Hata yeye mwenyewe hakuelewa.

Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shirika moja pale Beni, barabara ya kwenda Mavivi. Kila akiweka bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa, mezani, alisema kama mama yake alivyomlea kule Butembo: "Mutusamehe, leo hakuna kitu." Watu wa bureau, wafanyakazi wa ofisi ile, walicheka: "Hapana, mama, hii ni mingi!" Kisha walikula mpaka sufuria inalia.

Halafu akaja chef mupya, yaani mkubwa wa ofisi, Xavier, aliyetumwa kutoka Kananga. Akatangaza kwamba mikataba itaendelea kwa wenye alama nzuri tu, na kwamba kila mtu ajipime mwenyewe, juu ya tano: moja ni mbaya, tano ni bora kabisa. Grady, dereva wa Kisangani aliyeangusha jeep ndani ya mfereji, alijipatia tano nzima.

"Dada Kaswera," akamtania, "kule ndani usiende kujishitaki. Ile si kuungama kwa padiri!"

Kaswera akacheka, akaingia kwa chef. Chef alikuwa bado anapangusa mafuta ya sombe midomoni.

"Mama Kaswera, kazi yako iko namna gani?"

"Aa, chef, ninajaribu-jaribu tu. Tuseme mbili."

Akainamisha macho, akangoja. Chef akaandika mbili, akashukuru, akaita mwingine.

Mwisho wa mwezi, mkataba wake haukuendelea.

"Lakini mama, si weye mwenyewe ulisema?" Chef naye alionekana amepotea kabisa. Na mchana ule ule aliomba sahani ya pili! Kaswera akampakulia. Kisha akarudi Butembo, njia nzima akitafuta kosa lake: ni chumvi? Ni mafuta? Ao sombe haikutwangwa vizuri?

Sasa Jemima yuko karibu kumaliza sekondari. Juzi walikuwa wanamenya viazi, Kaswera akasimamisha kisu ghafla, kama vile swali limeulizwa sasa hivi.

"Nilisema mbili, mutoto wangu, nikangojea aseme: 'Hapana, mama, kwako ni tano.' Mpaka leo sijue juu ya nini alinyamaza."