Wawili au Watatu kati ya Kumi

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mnadi wa samaki bandarini Thyborøn, na kukiri kosa si tabia yangu. Ndiyo maana shati la kuendea ubatizo wa mjukuu lilipokataa kufungika shingoni, nililirudisha dukani.

"Limefuliwa mara moja tu, limerudi likawa dogo!" nikafoka.

Muuzaji hakulitazama shati. Alinitazama mimi. "Mzee, hapo kooni pana nini?"

Kilikuwa kinundu kwenye tezi ya shingo, kikubwa kama yai la kware. Hospitalini walinipiga picha ya ultrasaundi, wakanidunga sindano nyembamba kuvuta chembechembe za kupima. Baada ya siku tisa, Daktari Lykke Damsgaard akaniita pamoja na mke wangu, Birthe.

"Jibu halikuegemea upande wowote," alisema. "Hatuwezi kusema ni saratani, wala kusema si saratani. Nikijumlisha na ile picha, kati ya watu kumi wenye kinundu kama chako, wawili au watatu hukutwa nayo."

Mimi nilisikia "watatu" tu. Sikio langu limezoea dau la juu.

Jumapili ile nilichagua nyimbo nne za mazishi yangu. Fimbo zangu zote za kuvulia nikampa shemeji yangu Egon. Alilia sana, huku akizipakia garini upesi upesi. Birthe akanikuta nimevaa suti mbele ya kioo.

"We bwana, safari ya wapi?"

"Naangalia kama inafaa kuzikiwa."

"Daktari kasema saba au wanane hawana kitu. Hao mbona huwahesabu? Vua hiyo, viazi vinaungua."

Sindano ya pili ikaleta jibu lilelile. Daktari akatueleza njia mbili: tungoje tukikichunga kinundu, au nusu ya tezi ikatwe, ijulikane kwa hakika. Akaonya kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita papo hapo.

Nilitaka kufanya mzaha, nikajikuta nauliza: Mnadi bila sauti ni nani? Birthe akanishika mkono. Siku hiyo hakunicheka.

"Kateni," nikasema.

Walipokata na kukichunguza kinundu chote, haikuwa saratani. Egon alikuja kunipongeza kwa uso wa mfiwa.

Sauti, hata hivyo, ilichelewa kurudi. Kwa wiki saba nilinong'ona, na Birthe akasema ndoa yetu haijawahi kuwa tamu hivyo. Siku niliyorudi mnadani, nilifungua kinywa ukatoka mlio wa bata. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Torkil!" akapaza nahodha mmoja. "Leo unauza samaki au unauza bata?"

Nikakohoa kidogo. Nikaanza upya, taratibu, kwa sauti ya chini, nao wakalazimika kusogea karibu wanisikie. Makreti arobaini ya chewa yaliisha kabla ya mapumziko ya kahawa.