Maji ya Chini Hupiga Hodi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja hapa Kibuyuni ambayo hadi leo hainitoki. Marehemu baba alikuwa ametuacha muda si mrefu, nami ndevu ndiyo kwanza zinachomoza. Baba alikuwa mtegaji wa malema, ile mitego ya fito iliyosukwa kama tenga, inayotiwa mawe ikazama mpaka chini kabisa. Lema lake la mwisho alikuwa amelimaliza kulisuka akaliacha ukumbini, halijaonja maji. Mimi nikaenda kulitega. Samaki nilimtaka, sikatai, lakini zaidi nilitaka mikono ya baba iendelee kufanya kazi.

Bahari ikachafuka, kamba ikakatika. Nilipokwenda kutazama, chelezo, lile gogo jepesi linaloelea kuonyesha lema lilipo, nilikiona mbali, kimechukuliwa na maji yanayotoka. Nikazamia huko huko kilipo. Mikono mitupu. Nikasogea mbele zaidi nikifuata povu, mpaka macho yakawa mekundu. Mama alikuwa ameniuliza mara moja tu, "Umelipata?" Sikuwa na uso wa kurudi kumjibu hapana.

Ami Hamisi, ndugu mdogo wa baba, akanijia na mtumbwi wake, anacheka.

"We bwana, upepo ukimpokonya mtu kofia, mwenye kofia utamtafuta ilikoangukia?"

"Lakini Ami, maji yamelibeba. Huoni yanavyokimbia?"

"Hayo ni ya juu, hayana wa kuyazuia. Ya chini yana adabu, hupiga hodi kwa kila jiwe na kila jani. Rudi ulipolitega, uzame. Lema usilitafute kwanza. Nitazamie nyasi zimelalia wapi."

Nikarudi, nikazama. Juu maji yalinivuta kuelekea bahari kuu. Nilipokaribia mchanga, mvuto ukapungua, nikaweza kushika jiwe nikatulia. Nyasi za baharini zilikuwa zimelala taratibu, zinaelekea ufukweni. Juu maji bado yanatoka, chini yameshaanza kurudi! Nilidhani macho yananidanganya. Ami alinieleza baadaye kwamba bahari inapogeuka, maji yaendayo pole ndiyo hutangulia, kwani yenye mbio hayasimami upesi. Nikafuata nyasi. Lema lilikuwa hapo karibu tu, limeegemea mwamba, na samaki wawili aina ya changu ndani.

Nilipolitua ukumbini, mama alikaa kando yake. Alizipapasa zile fito, moja moja.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu nimemzika mke wangu. Siku ya hitima nilimsikia mtu akinong'ona, "Mzee huyu hana uchungu, hata chozi hana." Sikumkasirikia. Alikuwa akitazama povu. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini kila asubuhi bado nateleka chai ya watu wawili, na nikishamimina ndipo nakumbuka. Na huko huko chini, polepole, nimeshaanza kugeuka. Juzi nimekata fito za lema jipya.

Basi mwanangu, usimpime mtu kwa kinachoelea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na anayeonekana kuchukuliwa na maji huenda ndani yake ameshaanza safari ya kurudi. Ukipotewa na kitu unachokithamini, anzia ulipokiacha, usiende mbio kukimbilia chelezo. Na ukifika kwa aliyefiwa, fanya kama maji ya chini. Piga hodi. Hodi ni tatu, wajua. Usipoitikiwa rudi zako bila kinyongo, na kesho uje tena.

Mwenyezi Mungu akujaalie pumzi ya kufika chini na subira ya kutulia huko, kisha akupandishe salama, mikono yako isiwe mitupu. Amin.