Pikipiki nimeifufua mimi, sifa anachukua mume wangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, na ile picha niliyokutumia usiiweke, maana Bagamoyo nzima wanaijua hiyo pikipiki.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, nina watoto watatu wakubwa na wajukuu. Nimestaafu unesi. Naandika nikiwa jikoni, mume wangu yuko barazani na wenzake, namsikia anavyocheka.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana, nikapangiwa zahanati upande wa Miono. Tulikuwa na pikipiki moja ya gia, tangi jekundu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka nayo chanjo vijijini. Masika nilikuwa narudi matope hadi kwenye nywele, lakini furaha ile sijaipata tena. Alipokuja kunichumbia huyu mwenzangu, sharti lake lilikuwa moja tu. Alisema kwao, watu wa mjini, hawawezi kuoa mwanamke anayepanda pikipiki kama mwanamume. Nilimpenda. Nikaomba uhamisho, nikakaa wodini hadi nilipostaafu, pikipiki sikuigusa tena. Na sikuwahi kumlaumu, naomba mlijue hilo.

Sasa baada ya kustaafu, siku moja natoka msibani Msata, nikaiona nyuma ya duka la spea. Si ile yenyewe, lakini aina ileile, kuku wanalala juu yake. Nikainunua kwa mafao yangu. Baba watoto alipoiona inashushwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimeleta chuma chakavu nyumbani kwake na nisimshirikishe. Sikumshirikisha. Spea zake hazipo tena madukani, nyingine niliagiza Kariakoo, nyingine fundi wangu alizichonga. Fundi mwenyewe alikuwa anakuja mara mojamoja, kazi nyingine nikawa nafanya mimi, nimekaa kwenye kigoda uani, nasafisha kabureta, nasugua kutu kwenye tangi, navuta waya wa klachi. Zaidi ya mwaka, jamani. Siku ilipowaka nililia mbele ya fundi.

Kurudi barabarani hakukuwa rahisi. Magoti si yale, na zamani hakukuwa na malori kama haya. Nikawa navaa suruali ndani ya baibui, natoka baada ya kuswali alfajiri, naelekea njia ya Kiwangwa polepole. Siku moja nikasimama kununua nanasi. Yule mama muuzaji akanitazama weee, halafu akasema, "Shikamoo nesi. Wewe si ulikuwa unakuja kutuchanja na pikipiki nyekundu?" Nilirudi nyumbani naimba.

Baba watoto alipoona watu wanasimama kuiangalia, akaanza kuiazima. Kwanza kwenda msikitini Ijumaa, halafu kila siku. Ufunguo ukahamia kwenye mfuko wa kanzu yake. Nikajisemea ni mume wangu, tunakula sahani moja, nitagombana naye kwa sababu ya pikipiki?

Mwezi uliopita wakaja vijana kutoka Dar wenye pikipiki za kizamani kama hiyo. Walisikia habari zake. Natoka na sinia la kahawa ya pili, namkuta mume wangu amekaa juu ya pikipiki anapigwa picha, anawaeleza alivyoitafuta, alivyohangaika na spea, alivyosafisha kabureta kwa mikono yake. Kabureta hajui hata iko wapi. Rafiki zake wawili wanaojua ukweli wote walikuwepo, wakatazama vikombe vyao. Halafu akanionyesha kwa kidole, akasema, "Huyu mama ndiye aliyekuwa akinipigia kelele nisiinunue."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilisimama na sinia langu nikacheka.

Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini amenifanyia vile. Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Ulitaka niwaambie fundi ni mke wangu? Wangenionaje?" Kisha akaniambia kwa umri wangu kupanda pikipiki sasa basi, amenivumilia vya kutosha. Maneno yaleyale ya uchumba wetu, sauti ileile. Nilimwambia binti yangu mkubwa, akanijibu, "Mama, muachie tu, ni chombo."

Mnachotakiwa kujua ni kwamba hiyo pikipiki haikai vizuri yenyewe tu. Akienda msikitini kwa miguu au akilala mchana, mimi ndiye ninayeongeza oili, nakaza cheni, nasafisha plagi. Anawaambia watu pikipiki hii ina bahati na mkono wake, haijawahi kumsumbua. Na mimi namsikia.

Jumamosi hii wale vijana wanarudi, wanaondoka pamoja kwenda Pangani, na yeye wamemwomba atangulie mbele. Wiki hii sijaigusa. Oili iko chini na cheni imelegea, naisikia inavyogonga akiingia uani. Juzi nilimwambia, baba watoto, hiyo cheni itakuangusha. Akasema mbele ya wenzake kwamba namwonea wivu kwa safari yake.

Nikiitengeneza kwa siri tena, atafika salama, atasifiwa, na mimi nitabaki yule mama wa sinia. Nikisema ukweli mbele ya wale vijana siku ya kuondoka, namjua, hatanisamehe, na ndoa hii imechukua maisha yangu yote. Na nikiacha ilivyo, cheni ikikatika kwenye njia ya malori, yule ni baba wa wanangu.

Leo nimeitoa spana, nikaitazama, nikairudisha kabatini. Nishaurini, nifanye nini? Ila tafadhali, msiniambie nivumilie. Kuvumilia ndiko kulikonifikisha hapa.