Sahani ya Inchi Nane na Nusu

Mtaa mzima walimwita Karai. Wageni walidhani jina limetokana na kazi, maana alikuwa fundi wa zege, na kwa miaka thelathini alipanda ngazi za mbao na karai begani huku anaimba. Waliowahi kula naye walijua sababu nyingine. Sahani yake ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni, pana kiasi kwamba siku ya shida ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga. Wali ulisimama mlima humo ndani, maharage yakateremka pembeni, na Karai akaula mlima wote, akafuta sahani kwa kidole, kisha akauliza, "Kwenye sufuria kimebaki nini?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Yeye walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na kuna siku alilala nayo. Binti yao wa pekee alikwisha kuolewa mbali, wakabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, cherehani dirishani, jiko la mkaa uani. Zamani Mama Futi alijisifia kabisa ule ulaji wa mumewe. Mtu wa kazi za nguvu asipokula atasimamaje? Ndivyo alivyokuwa akisema. Ukimkumbusha maneno hayo leo, anageuza uso.

Maana kisukari kilikuja. Kilianza na macho, kikaenda kwenye nguvu, kikamalizia kwenye miguu. Siku moja Karai alikanyaga msumari kazini na asihisi kitu. Msumari, jamani! Jioni alivua buti akakuta soksi imelowa damu, akasema, "Ala! Hii imetoka wapi tena?" Hospitali wakalikata dole gumba la mguu wa kulia, na mahali lilipokuwa pakabaki kidonda kilichogoma kufunga.

Kiliniki walikutana na nesi wa lishe, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Aliwaonyesha karatasi yenye picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo wali, robo maharage.

"Na sahani yenyewe iwe ndogo," akasema. "Isizidi inchi tisa. Baba akila kwenye sahani ndogo iliyojaa, jicho linashiba, na tumbo linapata kiasi chake. Mama, nisikilize vizuri. Sukari isiposhuka ndani ya miezi mitatu, kidonda hiki kitapanda, na daktari atakata mguu."

Karai aliinua macho akatazama dari. Mama Futi, katika maneno yote yale ya kutisha, alidaka moja tu: inchi tisa. Vidonge hakuvijua, sukari ya kwenye damu hakuwahi kuiona kwa macho, lakini inchi! Inchi ndizo zilizomlisha na kumsomeshea mtoto. Alitoka pale amepiga moyo konde. Kumbe mguu wa mumewe utaokolewa kwa futi, na futi ilikuwa shingoni mwake.

Kesho yake akaingia sokoni. Sasa nikwambie, kama hujawahi kutafuta sahani ndogo, usidhani ni jambo la kwenda na kurudi. Sahani za siku hizi zimekuwa kubwa kama sinia. Duka la kwanza, inchi kumi na moja. La pili, kumi na moja na nusu. La tatu zilikuwepo ndogo, nzuri kweli, za kioo, lakini zinauzwa seti nzima ya vipande ishirini na nne, na bei yake angeshona magauni mwaka mzima hajaifikia. "Niuzie mbili tu, mwanangu," akabembeleza. Muuzaji akacheka, akasema, "Mama, mimi nikikutolea mbili, hizi ishirini na mbili nitamuuzia nani?"

Akapewa visosi vya chai, akavikataa. Mtu mzima atakulaje kwenye kisosi? Akapewa sahani za plastiki za watoto, zenye masikio ya sungura. Inchi nane kamili, bei ya kutupa. Alisimama nazo kwa muda mrefu. Halafu akamfikiria Karai, mtu aliyesimamisha nguzo za nusu ya mji ule, ameinamia masikio ya sungura, akazirudisha. Kila alipofika alivuta futi yake na kupima, hata wauzaji wakaanza kumtania: "Mama, hii sahani unaishonea gauni?" Alicheka nao. Rohoni alikuwa analia, maana kila siku alipofungua kile kidonda akisafishe, alikiona kimesogea.

Alizunguka wiki mbili, cherehani limefunikwa shuka, wateja wamenuna. Wiki ya tatu ndipo alipokuta mgahawa mmoja unafungwa. Mwenyewe alikuwa kaweka vyombo vyote nje kwenye turubai, anauza kimoja kimoja. Pale palikuwa na sahani nyeupe za udongo, nzito, zenye ukingo mnene. Mama Futi akachuchumaa, akavuta futi. Inchi nane na nusu.

Akapima tena. Nane na nusu.

"Hizo zilikuwa za supu," yule mwenye mgahawa akamwambia. "Zimemeguka kidogo pembeni, ndiyo maana nakupa rahisi. Chukua hata zote."

"Nipe mbili," akasema Mama Futi, na machozi yalikuwa yanamlenga. Mbili, ili mumewe asile peke yake kwenye chombo cha mgonjwa. Na yeye atakula humo humo, waumie pamoja.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Akapakua kama picha ya nesi ilivyosema: mboga nusu, wali robo, maharage robo, mpaka ukingoni. Akamwekea Karai mbele. "Mzee, inchi nane na nusu! Nimemshinda hata nesi!"

Karai aliitazama ile sahani. Akaishika kwa mikono miwili, akainyanyua kidogo, akaishusha. Akamtazama mkewe, uso unavyong'aa, jasho la jua la soko bado liko shingoni. "Ndogo kweli," akasema. Akala, akamaliza, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuuliza kuhusu sufuria.

Siku zile zilikuwa njema, acha nizitaje maana ni chache. Mama Futi alifunua cherehani. Aliimba. Ile sahani ya bati aliitundika ukutani kama kitu cha kale. Mwezi wa kwanza wakaenda kupima, na nesi akauliza, "Sahani ndogo mnatumia?" Mama Futi akajibu kwa maringo, "Nane na nusu!" Nesi akampigia makofi. Halafu akasoma karatasi ya maabara, na makofi yakaishia hapo. Sukari haikushuka hata punje. Ilikuwa imepanda.

"Vidonge anameza?"

"Mbele ya macho yangu, asubuhi na jioni."

"Basi baba anakula nje," nesi akasema, bila hata kumtazama Karai. "Wagonjwa wangu wote wako hivyo. Nyumbani sahani ndogo, mtaani mandazi."

Neno lile lilimwingia Mama Futi kama sindano iliyovunjikia kwenye kidole. Walipofika tu nyumbani, akaanza. Yeye anazunguka juani mpaka nyayo zinawaka, mwenzake anakula mandazi! Yeye anakula chakula cha mgonjwa ili mwenzake asijisikie vibaya, na mwenzake anamfanya mjinga! Akamgeuza mifuko ya suruali. Akanusa shati. Akaenda kwa jirani muuza mandazi, akamwuliza mbele ya watu, na yule mama akaapa kwamba Karai hajanunua kwake tangu alipokatwa dole. Mama Futi hakuamini. Alirudi akamwambia mumewe, "Wewe mguu wako unauuza kwa mandazi. Mwongo mkubwa!"

Karai alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa bandeji umenyooshwa. "Sili nje, mama," akasema.

"Nani sasa anakula? Paka?"

Miezi miwili iliyofuata ilikwenda hivyohivyo. Alimpokonya ndala asitoke. Alimhesabia hatua za kwenda chooni. Mlo ulipofika, alimpakulia kwenye inchi zake nane na nusu, imejaa sawasawa, akamwekea mbele kwa kishindo, wakala bila kusemezana. Na sukari ikapanda, na kidonda kikapanda nayo, kikapita kifundo. Mwezi wa tatu ulipotimia, daktari hakuwa na maneno mengi. Alichora mstari kwa kalamu chini kidogo ya goti.

Siku Karai aliporudishwa nyumbani alikuja dada yake, wifi yake Mama Futi, mwanamke wa mwili na kelele, mwenye kulia na kucheka kwa pumzi moja. Alikuwa amebeba mchele na kuku. Sahani za nyumba ile zilikuwa mbili tu za kutosha kulia, kwa hiyo Mama Futi akaishusha ile ya bati ukutani, akaifuta vumbi, akampa mgeni. Karai akapewa yake, imejaa kama kawaida.

Wifi akaona. "Haa! Mimi niliye mzima nile kwenye hili sinia, na kaka katoka kukatwa mguu anapewa kikombe? Wifi, una roho gani wewe? Mtu anahitaji damu!"

"Wifi, acha. Ni mambo ya daktari."

"Daktari keshakata mguu, anataka nini tena?" Na kabla hajazuiwa, akaichukua sahani ya kaka yake, akaipindua ndani ya ile ya bati iliyokuwa tupu, ili aongeze juu yake.

Hakukuwa na pa kuongeza. Chakula cha inchi nane na nusu kililala kwenye sahani ya bati kikaijaza, ukingo kwa ukingo, mpaka maharage mawili matatu yakamwagika mkekani.

"Mbona ni sawasawa?" wifi akauliza. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona nyuso zilivyo. Akatoka uani polepole akijidai ananawa mikono.

Mama Futi aliinua ile sahani nyeupe iliyobaki tupu. Akatumbukiza kidole. Kikazama chote. Maisha yake yote alikuwa amepima kitambaa, na kitambaa kina urefu na upana, basi. Hakuna mteja aliyewahi kumwuliza kina. Alikuwa amejaza shimo lile kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili kwa siku, miezi mitatu, kisha akamwita mwenzake mwongo.

"Mzee," akasema. "Ulijua?"

Karai alikuwa anaokota yale maharage mkekani, moja moja. "Nimepima zege miaka thelathini, mama. Kina ndiyo kazi yangu. Nilijua siku ya kwanza, nilipoinyanyua."

"Ukaniacha nikakutukana! Nikakugeuza mifuko! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuja umefurahi sana."

"Usinifanye mtoto! Mtu hatoi mguu kwa sababu mkewe amefurahi!"

Uani, maji yalikuwa yanamwagika kwenye beseni. Karai akaweka maharage yake pembeni ya sahani, akajifuta vidole.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Mama Futi hakulia. Angelia, ingekuwa nafuu. Alichukua upawa, akaivuta sahani ya bati, akaanza kurudisha wali kwenye sufuria, upawa mmoja, wa pili, wa tatu, na Karai akiufuata kila upawa kwa macho, kutoka sahanini mpaka sufuriani, kama mtoto anayenyang'anywa. Chini ya kigoda ilikuwepo ndala moja. Wiki iliyopita daktari aliuchoma mguu uliobaki, wa hiyo ndala, kwa ncha ya sindano, na Karai hakushtuka.

"Basi mama," akasema taratibu. "Hicho cha pembeni niachie."

Mkono wa Mama Futi ukasimama hewani na upawa wake. Akamwachia.