Jina Ambalo Tasalla Hakulitamka

Masika thelathini na saba yamekwisha kuinyeshea Zaria tangu Tasalla, tuliyemwita Inna, yaani mama, alipoingia darasani, na wengi waliomcheka siku ile nao wamekwisha kulala makaburini. Alikuwa mjane, muuza uji wa mtama, umri umepita sitini. Chuo kikuu kilipofungua darasa la alasiri kwa wanawake na wakazi wa mitaa ya jirani, alitangulia wote kujiandikisha.

Mwalimu, binti mgeni aitwaye Folake, alimwuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

"Watano."

"Sita, mwalimu!" akadakia jirani yake Gambo. "Wa kwanza anamwonea haya. Au ulimwokota sokoni, Inna?"

"Funga domo lako, Gambo, pana kama kibuyu changu cha uji!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kwetu mama hamtaji kwa jina mzaliwa wake wa kwanza, wala hamhesabu mbele ya watu. Ndiyo haya tuliyoirithi. Mimi, msomi wa mtaa waliyeniita Malam, niliyekuwa nikimwandikia barua za kwenda kwa mwanawe huyo, seremala aliyehamia Ibadan, nilizianza daima hivi: "Kwako wewe uliye mbali." Habari za darasa alinikataza nisizitie humo, alitaka mwana ashangae mwenyewe siku moja.

Mwaka wa pili, kifua kilipomlemea, alinijia na daftari mkononi.

"Malam, kuandika ni kutamka?"

"Ulimi ni ulimi, mkono ni mkono. Na hii ni ada, Inna, si sharia."

"Basi barua hii naandika mwenyewe. Nisije nikafa sijamwita hata mara moja."

Nikamwomba niongeze mstari mmoja wa kuithibitisha. Akakataa, akicheka katikati ya kikohozi: "Wewe umeandika za kutosha. Niachie hii moja."

Aliiandika siku tatu. *Bilyaminu. Mimi mama yako naumwa. Njoo. Tasalla.* Herufi zilipanda na kushuka kama matuta yaliyolimwa na ng'ombe mkaidi.

Kisha akangoja. Kila adhuhuri alitaka mkeka wake utandikwe kuelekea mlangoni.

"Yule hajafika?"

"Bado, Inna."

Wiki ya sita, siku ya Ijumaa, hakuuliza tena.

Bilyaminu alifika siku ya tisa baada ya maziko, ameitwa na barua yangu ya tanzia. Akaitoa ile ya mama yake mfukoni.

"Niliipata mapema, Malam. Nikadhani matapeli. Nikawaambia wenzangu, mama yangu hajui kuandika, na hata angejua, jina langu asingelitaja. Nikacheka, Malam. Nikacheka."

Nikampa daftari la mama yake. Ukurasa baada ya ukurasa lilikuwa jina lake, limeandikwa likafutwa, likaandikwa likafutwa, mpaka karatasi ikatoboka. La ukurasa wa mwisho tu ndilo halikufutwa. Akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo mpaka mwadhini akaita.

Ewe Mola uliyefunza kwa kalamu, mrehemu Tasalla, uikubali haya yake na elimu yake. Mwondolee Bilyaminu uchungu wa kicheko kile, uwahifadhi nduguze watano na vizazi vyao, na usimnyime mama yeyote kati yao jibu la mwito wake. Amina.